Tole Aliyeikamata Mvua ya Sultani

Hapo zamani, katika nchi ya bara iliyoitwa Nyasini, nchi ya ng'ombe na mtama isiyokuwa na mji hata mmoja wa kujivunia, alitawala Sultani jina lake Mwinyikondo. Sultani huyo alikuwa na baraza la wajumbe kumi na wawili wa kutunga sheria, na ilisemwa kwamba wamechaguliwa na watu, ingawa nchi nzima hakuonekana mtu aliyekumbuka kuwachagua. Sultani akikohoa, wao husema "Naam." Akipiga chafya, wao huandika.

Basi mwaka mmoja mvua zikawa haba, na Waziri Fumbwe, aliyekuwa na shamba kubwa la miwa kando ya kijito, akaona miwa yake inanyauka. Akasimama mbele ya baraza akanena, "Enyi waheshimiwa, nchi haina utaratibu. Kila mtu anachota maji apendavyo, kana kwamba maji hayana mwenyewe!" Wajumbe wakastaajabu jinsi walivyokaa miaka yote bila kuliona jambo hilo, na kabla ya chakula cha mchana sheria ikawa imepita: maji yote ya Nyasini, ya mbinguni na ya ardhini, ni mali ya Sultani kama ng'ombe wake, na atakayeyachukua bila ruhusa atahukumiwa kama mwizi wa ng'ombe. Ruhusa yenyewe ikawa hutolewa na Waziri Fumbwe, mlangoni kwake, kwa muhuri wake, siku anayojisikia.

Kadhi wa nchi, Shehe Nuhu, alipoisoma sheria ile akasema ni batili, kwa kuwa mvua huteremshwa na Mungu na haina mwenyewe duniani. Kesho yake baraza likatunga sheria nyingine: tangu leo kadhi hana idhini ya kubatilisha sheria, kazi yake ni kuisoma na kuhukumu neno kwa neno kama ilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Kadhi akainamisha kichwa.

Sasa, katika nchi hiyo alikuwako fukara mmoja, Kibwana Tole, msuka majamvi. Watu walimdhania kuwa hamnazo, kwa maana ukimwambia neno alilichukua vile vile ulivyolitamka. Aliwahi kuambiwa na mtu mkubwa, "Tandika jamvi hili mpaka lifike mlangoni," naye alipoona jamvi halifiki, akaung'oa mlango akausogeza. Mali yake ilikuwa mke, Mwanakheri, gunia moja la mtama, na nyumba ya udongo yenye paa la nyasi lililochoka.

Alasiri moja mvua ikashuka ghafla, nayo ni mvua kweli. Ikatoboa paa mahali saba. Mwanakheri akakimbia huku na huku akitega mtungi uliokuwa na maji kidogo ya kisimani, chungu, sufuria, kata, hata kinu cha kutwangia. Lakini hakuwahi kulifikia gunia. Mtama wote ukalowa, na ukuta wa nyuma ukaporomoka kwa kishindo. Mwanamke yule akaketi chini katikati ya vyombo, akalia mpaka machozi yakamdondoka ndani ya mtungi aliokuwa ameukumbatia.

Asubuhi jirani akaja mbio. "Tole! Askari wa Waziri wanapita nyumba kwa nyumba kukagua vyombo. Mwaga maji hayo upesi!"

"Nimwage mali ya Sultani?" akauliza Tole. "Nikimchinjia mtu ng'ombe wake ili nisionekane naye, si nimezidisha kosa?"

Jirani akamtazama, akatikisa kichwa, akaenda zake kumwaga ya kwake. Askari walipofika wakakuta vyombo vimejaa pomoni, wakamfunga Tole kamba, wakamwamuru Mwanakheri na majirani wabebe vyombo vyote mpaka mahakamani viwe ushahidi. Njiani Tole alikuwa akitembea kama mtu asiye na neno, lakini moyoni aliogopa, maana mwizi wa ng'ombe katika Nyasini hupelekwa machimboni kuvunja mawe miaka saba, na alijua watu waliopelekwa huko, na hakumjua aliyerudi.

Siku hiyo Sultani mwenyewe alihudhuria, kwa kuwa Waziri alitaka watu waone mfano. Wajumbe wote kumi na wawili wakakaa nyuma yake. Watu wakajaa hadi uani.

Waziri akanena, "Ewe Sultani, Mungu akuweke. Huyu ndiye mwizi, na haya ndiyo maji. Sioni haja ya maneno mengi."

Kadhi akauliza, "Kibwana Tole, umeiba maji ya Sultani?"

"La, Shehe wangu. Sikuiba. Nimekamata."

"Umekamata nini?"

"Mali ya Sultani iliyopotea. Nilikuwa nimekaa nyumbani kwangu na mke wangu, ikaingia bila hodi, tena kwa juu. Ikaharibu mtama wangu, ikaangusha ukuta wangu. Nami nikakumbuka ile sheria ya babu yake Sultani: ng'ombe wa mtu akivunja nyumba au shamba la mwenziwe, aliyevunjiwa amzuie ng'ombe huyo mpaka mwenyewe aje kwa miguu yake, aombe radhi, na atengeneze kilichoharibika. Basi nimeizuia. Nimengoja mwenyewe aje, naona badala yake wamekuja askari."

Watu wakacheka, kisha wakajizuia. Waziri akapaza sauti, "Upuuzi! Maji si ng'ombe!"

Kadhi akakohoa kidogo, akaufunua mkunjo wa karatasi, akasoma polepole: "'Ni mali ya Sultani kama ng'ombe wake.' Nimeamriwa nisiongeze wala nisipunguze, Mheshimiwa Waziri. Kama mnaniruhusu nipunguze, niambieni nianzie neno gani."

Waziri akafikiri upesi. "Vema. Basi huyu na athibitishe kwamba maji yaliyombomolea nyumba ni ya Sultani!"

"Mimi nithibitishe?" akasema Tole. "Mheshimiwa, si wewe uliyenifunga kamba kwa sababu ni ya Sultani? Kama si yake, nifungueni niende. Kama ni yake, na aje aniombe radhi. Mimi ni mtu mjinga, nitakubali lolote moja."

Sultani akaghadhabika, kwa maana aliona watu wamefunika midomo kwa mikono. Akainuka kitini. "Ewe Tole, umetaka mwenyewe aje. Nimekuja. Nikabidhi mali yangu yote iliyoingia kwako, isipungue hata tone moja. Likipungua moja, utavunja mawe mpaka mvi zikuote."

Mwanakheri akashika kichwa, kwa kuwa kila mtu alijua sakafu ya udongo imekunywa kiasi gani. Tole akayatazama yale maji, akamtazama mkewe, na hapo akili ikamjia.

"Ni haki yako, Bwana wangu. Lakini iko desturi ya zizini, nayo Shehe anaijua. Mwenye mali huonyesha alama ya mnyama wake, akaapa, ndipo akakabidhiwa. Na akimtaja wa mtu mwingine kuwa ni wake, basi mwizi ni yeye. Katika mtungi huu mlikuwa na maji ya kisimani aliyochota mke wangu kwa muhuri wa Waziri. Hayo ni yetu kwa halali. Juu yake ikaingia mvua, hiyo ni yako. Na juu ya mvua yakaingia machozi yake, naye alikuwa akililia mtama. Nakuomba uyachague ya kwako, tone kwa tone, huku umeapa. Ukishayachagua, ukiona ya kwako yamepungua, unipeleke machimboni."

Sultani akamgeukia kadhi. Kadhi akasema, "Ndivyo ilivyoandikwa, Bwana wangu. Mwenye mali huonyesha alama."

Sultani akaukaribia mtungi, akainama, akatia kidole ndani.

"Hayo ni ya kwako, Bwana wangu?" akauliza Tole kwa adabu. "Tusubiri kiapo?"

Kidole kikatoka upesi kana kwamba kimeungua. Na papo hapo bibi kizee mmoja akainuka mlangoni. "Shehe, na mimi nimezuia ng'ombe wa Sultani! Wamo jikoni kwangu, wamezamisha kuku wangu!" Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Kwangu mimi wamepita shambani kundi zima, wamezoa mihogo!" Ikawa kila upande mtu ananyoosha mkono, na kila mwenye mkono anamtaka Sultani aje kwa miguu yake kuomba radhi.

Sultani akaligeukia baraza lake. "Nani alisema maji ni yangu?"

Wajumbe kumi na wawili wakamtazama Waziri Fumbwe kwa pamoja.

"Maji si yangu!" akanguruma Sultani. "Tangu sasa si yangu tena! Andikeni!"

"Naam," wakasema, wakaandika wakiwa wamesimama, na haikutungwa sheria Nyasini kwa haraka kama ile.

Kisha Sultani akacheka, na wajumbe walipoyaona meno yake nao wakacheka. Kadhi hakucheka. Akauliza, "Na ile sheria inayonifunga mimi, Bwana wangu, tuifute papo hapo?" Sultani akapangusa macho, akasema, "Moja kwa siku, Shehe. Moja kwa siku yatosha." Kadhi akaikunja karatasi yake, akasema kwamba kesho atafika mapema.

Lakini kwa kuwa siku ile ilipoanguka mvua ilikuwa bado mali ya Sultani, kadhi akahukumu neno kwa neno kama ilivyoandikwa. Sultani akamwomba Tole radhi mbele za watu, kwa sauti ndogo, akatoa magunia matatu ya mtama. Kazi ya kutengeneza ikampata yule aliyeileta sheria barazani.

Ikawa wiki nzima Waziri Fumbwe yuko juu ya paa la Kibwana Tole, amekunja kanzu yake kiunoni, anafunga nyasi kwa mikono isiyojua fundo, na watu wanatoka vijiji vya mbali kuja kutazama. Tole alikuwa kivulini akisuka jamvi. Mwanakheri alisimama ndani ya nyumba, ameinua uso.

"Hapo kushoto, Mheshimiwa," alimwita. "Bado naiona mbingu."