Kwa Nini Mzembe Wetu Huitwa Matako Wazi

Namvua, futa machozi, mwanangu. Mbuzi kala maharage kwa sababu hukumfunga kamba vizuri, nami nimekuita matako wazi mbele ya mawifi zako. Nimekuita, ndiyo, na nitakuita tena. Lakini wewe umeolewa na mjukuu wangu juzijuzi tu, neno lenyewe hujalijua. Na nyie wengine acheni kucheka, sogeeni hapa.

Zamani milima hii haikuwa na neno hilo. Watu walikuwa na adabu kupita kiasi. Chini ya kitovu hawakutaja kitu. Mzembe aliitwa mzembe, basi, akaachwa na uzembe wake.

Siku hizo alikuwapo mke wa mtu akiitwa Nakijwa. Jamani, yule mwanamke! Akipika, ugali mbichi. Akifagia, taka zinabaki mlangoni. Hata kaniki yake aliifunga fundo moja la harakaharaka, kila mara inamponyoka. Mama mkwe wake, Nambike, alikuwa akimtazama na kushusha pumzi tu.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha mpaka meko yote yakazimika. Na wifi yake Nakijwa ndiyo kwanza amejifungua, kitoto chenyewe kidogo, na baridi kali. Moto ulibaki ng'ambo ya bonde tu. Nakijwa, mwenye mbio kuliko wote, akatumwa na chungu, akapewa makaa. Wakati wa kurudi, alipokuwa anavuka mto, kaniki ikafunguka. Akaidaka kwa mikono miwili. Chungu kikaenda na maji.

Alifika nyumbani hana moto, ameshikilia nguo yake. Kitoto kilikuwa kimeacha kulia. Ndipo Nambike, ambaye hakuwahi kutamka hata "kiuno", akapiga ukelele: "Matako wazi wee! Mtoto anatufia!" Watu wakaziba masikio.

Nakijwa akanyakua chungu kingine, akatoka mbio. Na fundo? Si lilelile la haraka! Wakati wa kurudi, palepale mtoni, kaniki ikaanguka tena. Safari hii hakugeuka hata kuitazama. Akapanda kilima vivyo hivyo, akapita mbele ya baba mkwe na wazee wote, chungu kichwani, mikono yote miwili imekishika, akaingia ndani akawasha moto.

Kitoto kikalia. Wee, kililia hicho! Nambike naye akalia. Akachukua kaniki yake nyingine, akamfunga mkazamwana wake fundo moja, halafu juu yake fundo la pili. "Matako wazi wangu," akamwambia.

Na tangu siku hiyo wanawake wa huku hatujitwishi mzigo kabla ya kukaza fundo la pili. Na neno lile hatumwambii mgeni. Mgeni akizembea tunamwambia haidhuru, kisha hatumtumi tena. Matako wazi ni wetu, na tunamtuma tena.

Kitoto kile ndiye bibi aliyenilea mimi. Haya, kamba ile pale, na mbuzi bado yuko kwenye maharage. Nenda kamfunge, matako wazi wangu.