Mkojo wa Kuazima

Sogeeni, haya ni ya mtaa wa pili. Bwana Mwinshehe, tajiri wa nazi, alikuwa akikonda na kugida maji kutwa, ila kupimwa hataki. Hayo, alisema, mambo ya wanawake. Mkewe, Bi Mwanakombo, akamjia na kikopo cha zahanati.

"Bwana, natakiwa mkojo nami naogopa majibu. Wewe mzima wa afya, niazime wako."

Bwana akacheka, akakijaza pomoni. "Nenda ukawaringie."

Jioni mke akarudi. "Wamekuta sukari tele."

"Waongo hao. Mkojo ule wangu, si wako."

"Ndivyo nilivyowaambia tangu mwanzo, bwana. Wameandika jina lako. Kesho wanakungoja wakupime damu."