Mistari ya Bi Kobe

Acha nikiri mapema: mjanja wa hadithi hii ni babu yangu. Nasi ukoo wa sungura hatuwezi kumkana, maana masikio yetu hutujulisha kabla hatujabisha hodi.

Mwaka huo mvua za vuli hazikunyesha, na za masika nazo zikapita mbali. Bwawa la chini ya kilima, ambalo nyika nzima ililitegemea, likawa linapungua. Bi Kobe ndiye aliyetambua kwanza. Kwa miaka thelathini, kila mwisho wa kiangazi, alichora mstari kwenye mwamba wa bwawa kuonyesha maji yalipofikia. Sisi tulimcheka tukasema hana kazi.

Akaenda kwa Mfalme Simba. "Mtukufu, maji yanashuka na joto linapanda mwaka hadi mwaka. Huu si mkosi wa msimu mmoja."

"Katika himaya yangu?" Simba akaguna. "Nani kaliruhusu hilo joto?"

"Ni tanuri za makaa kule kilimani, na moto wa vilima vingine vyote duniani. Moshi tunaouona hupotea. Inayobaki ni hewa ya ukaa, ambayo hatuioni. Joto la jua linaingia, kutoka linashindwa, kama mtu aliyejifunika blanketi mchana. Miti ndiyo inayoivuta hewa hiyo, nasi tunaikata na kuichoma."

Tanuri hizo zilikuwa za babu na Fisi. Babu alipanga, Fisi alikata bila kuchagua. Simba akaamua kwamba maji yakishuka chini ya mstari wa mwisho wa Bi Kobe, tanuri zote zizimwe.

"Tumekwisha!" Fisi akalia. "Nitakula nini mimi?"

"Tulia, ndugu yangu," babu akamwambia. "Maji hatuyawezi, lakini mistari tunaiweza."

Adhuhuri, wenzake wakiwa wamelala vivulini, babu akaifuta mistari kwa jiwe na kuichora upya, chini zaidi. Mwezi uliofuata akarudia. Bi Kobe alilalamika kwamba mistari imehama, lakini Simba, aliyependa kusikia kwamba ufalme wake una maji, akamwambia macho yake yamezeeka.

Ajabu ni kwamba babu naye alianza kuiamini ile mistari. Siku moja ya joto kali alitoka tanurini amejaa masizi, akapanda juu ya mwamba, akatupa jicho chini. Maji yalikuwa juu ya mstari.

"Maji tele!" akasema, akaruka kichwa mbele.

Akazama kwenye tope hadi kiunoni, miguu ikirusha mateke hewani mbele ya wanyama wote waliokuja kunywa. Fisi akafika mbio.

"Kama amekufa," akauliza, "mapaja ni ya nani?"

Bi Kobe akamvuta babu kwa mdomo, polepole kama kawaida yake. Simba naye akaingia bwawani. Maji hayakumfika magotini. Mfalme akasimama pale, na nyika ikamwona akiona aibu kwa mara ya kwanza.

"Nani kaichora mistari hii?"

Babu akatema tope. "Ni mimi, Mtukufu. Na mimi mwenyewe nimeisadiki."

Tanuri zikazimwa siku ileile. Fisi akapewa kazi ya kupanga mawe mteremkoni ili maji ya mvua yasikimbie. Babu alipewa adhabu mbaya zaidi: kulinda visiki vilivyoanza kuchipua hadi viwe miti tena. Sungura, kulinda machipukizi mabichi! Alilia kwa njaa, lakini alilinda, akawarithisha wanawe kazi hiyo, nao wakaturithisha sisi. Hadi leo, chipukizi likikatika, hakuna anayekwenda kumuuliza Fisi.

Vilima vya mbali bado vinafuka moshi, na joto bado tunalo. Ila mwaka huu, mwisho wa kiangazi, maji ya bwawa yamepanda kidole kimoja. Nilipima mwenyewe, nikakimbia kumwambia Bi Kobe, ambaye bado yu hai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipongeza sana, kisha akaenda kupima tena.