Tangi la Mama Sekela

Kisichopumua hakijai. Ndivyo shangazi yenu alivyowaambia wale majirani asubuhi, nanyi mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Chanzo chake nakijua, maana nilikuwepo, na mwanzoni sikufanya vizuri.

Nilikuwa binti bado, nauza mafuta katika kituo kimoja pale Tukuyu. Kati ya wateja wetu alikuwepo Mama Sekela, mkunga mstaafu. Mumewe, Mwalimu Ambakisye, alikuwa amefariki miezi minne nyuma, akamwachia gari la mbio la zamani, jekundu, la milango miwili, fupi hata mtu akisimama kando yake anaona paa. Kila Jumamosi mama aliliendesha hadi kijijini, kwenye kaburi la mumewe.

Taabu ilikuwa kulijaza. Ukiingiza bomba na kubonyeza, petroli inakwenda kidogo, halafu tak! bomba linajifunga. Unabonyeza tena, tak! Ukilazimisha, mafuta yanarudi juu na kukurukia mikononi. Lita ishirini zilichukua karibu nusu saa, huku magari ya nyuma yakipiga honi. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nanuna waziwazi.

"Mama, si uliuze tu hili?" nilimwambia siku moja.

Alikwisha kulipeleka kwa mafundi wawili. Mmoja alibadilisha pampu, mwingine akashusha tangi na kuliosha. Wote walishika spana kabla hajamaliza sentensi, na gari likabaki vilevile. Hata waliokwenda kumpa pole nyumbani walifanya hivyohivyo. Mama akifungua mdomo, wao wanaanza: jikaze, kazi ya Mungu haina makosa, utazoea. Naye alikuwa amekonda, nguo zinamning'inia.

Jumamosi moja, fundi mwingine wa magari, Gwakisa, alikuwa kwenye foleni nyuma yake. Badala ya kupiga honi, akashuka, akasimama kusikiliza ile tak! tak! ya bomba langu. Kisha akainama dirishani.

"Shikamoo, mama. Tatizo hili lilianza lini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni tangu..." Mama akanyamaza, kama anayengoja kukatizwa. Fundi hakusema kitu. "Ni tangu trekta lilipotugonga nyuma. Bodi ikanyooshwa, ikapakwa rangi. Kabla ya hapo lilikuwa linajaa vizuri."

"Hao mafundi uliwaambia?"

"Nani aliniuliza?"

Tukalisukuma gari pembeni. Gwakisa akafungua buti, akang'oa ubao wa ndani, akamulika na tochi. Aliponiita, nikaona mpira mwembamba unaotoka kwenye tangi, umebanwa na bati lililonyooshwa vibaya, umelala bapa kama utambi.

"Tangi tupu si tupu, dada," akaniambia. "Limejaa hewa. Petroli ikiingia, hewa hutoka kupitia hapa. Sasa njia imeziba, hewa inasukumana na mafuta mdomoni, ndiyo maana bomba linajifunga. Wewe unazidi kumimina tu. Kisichopumua hakijai."

Akainua bati kwa bisibisi, akakata kipande kilichoharibika, akaunga mpira mpya. Nikaingiza bomba, nikabonyeza. Petroli ikaenda moja kwa moja, bila tak hata moja. Dakika mbili hazikuisha, tangi likajaa.

Mama Sekela alikuwa anatazama namba za pampu. Ghafla akashika usukani kwa mikono miwili na kuanza kulia kwa sauti.

Mimi nikakimbilia dirishani. "Jamani mama, usilie. Kazi ya Mungu..."

Gwakisa akanishika mkono. "Mwache," akasema taratibu. "Kisichopumua hakijai."

Tukangoja. Alipopata sauti, akasema, "Usiku ule nilikuwa nampeleka hospitali Mbeya. Mafuta yalikuwa yameisha. Tukakaa hapahapa nusu saa, yeye kando yangu anahema, bomba linajifunga, linajifunga. Alifia njiani, Uyole. Labda tungewahi. Labda. Sijamwambia mtu."

Hakuna aliyemwambia kwamba wangewahi, wala kwamba wasingewahi. Nani alijua? Gwakisa alichuchumaa karibu na mlango, nami nikaketi chini kwenye saruji na sare yangu. Mama akatusimulia habari za Mwalimu, alivyokuwa akiimba akiendesha, alivyoficha bei ya gari lile hadi kufa kwake. Hapo akacheka huku machozi yanatoka. Magari yalipita upande wa pili, hayakupiga honi.

Mwishowe akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akaniuliza, "Binti, hapa hakuna mahali wanauza chai?"

Nikamletea chai na ndizi za kuchoma mbili. Akala zote, akaniomba nyingine.

Nilianza kulisema neno lile kituoni, madereva wakalichukua, likapanda nao hadi Mbeya na kushuka hadi Kyela. Basi leo majirani walipokuja na mawaidha yao, na yule binti waliyekuja kumshauri hajapewa hata nafasi ya kusema kilichompata, shangazi yenu aliwaketisha kwanza. Sasa mmeelewa kwa nini. Kisichopumua hakijai.