Fagio za Bondeni

Amwitaye bwana afya asishike ufagio. Mliisikia jana sokoni, mkacheka, mkauliza kama bwana afya ni mchawi hata aogope ufagio. La, si mchawi. Methali hii ilizaliwa mtaa wa Bondeni, kule unakotoka mchicha mnaoula hadi leo, na aliyeizaa alikuwa mwanamke mwenye jina. Ilikuwa hivi.

Asumini binti Kombo hakuwa na mume, maana alikwisha kufiwa. Hakuwa na ndugu katika ofisi yoyote ya jiji. Hakuwa na baiskeli, wala saa ya mkononi, wala sauti ya kuwanyamazisha watu mkutanoni. Cheti cha shule hakuwa nacho. Kusoma alianza akiwa na miaka arobaini na saba, katika darasa la jioni, kwa kalamu ya kuazima. Alichokuwa nacho ni matuta kumi na manne ya mchicha kando ya kijito. Mchicha huo ndio uliomlisha na kumvika.

Sasa likatokea lori. Kila Ijumaa, wanaume wakishaingia msikitini kwa sala ya mchana, lori hilo la kijani lilishuka taratibu hadi ukingoni mwa bonde. Likamwaga manyoya ya kuku, matumbo na vichwa, kisha likaondoka kabla watu hawajatoka. Kijito kikageuka rangi. Nzi wakahamia mtaani kama wapangaji.

Sokoni, wateja wa Asumini wakaanza kukunja pua.

"Mchicha wako unanuka kuku, mama. Tukinunua, kitoweo kimo humohumo?"

Wiki ya tatu alirudi nyumbani na tenga limejaa vilevile alivyoondoka nalo. Akajua kwamba wiki chache zaidi za namna hiyo zitamaliza kazi ya miaka ishirini. Kesho yake akajifunga khanga yake nzuri, akaenda kwa miguu hadi ofisi za jiji. Bwana afya, kijana mpole mwenye daftari jeusi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jumatano nitafika mwenyewe," akasema.

Habari zikamfikia mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mbaruku, mtu mwema ambaye kanzu yake haikuwahi kuonekana na mkunjo. Akapita nyumba kwa nyumba.

"Mgeni wa serikali anakuja! Atukute tumekaa jalalani?"

Basi watu wa Bondeni wakafanya walichofundishwa na mama zao. Mgeni hakuti uchafu. Wakatoka na fagio, majembe na reki. Wakachoma manyoya, wakafukia matumbo, wakanyunyiza maji vumbi litulie. Jirani wa Asumini, Mama Tunu, akafukiza ubani ukingoni mwa bonde. Asumini mwenyewe alifagia kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyealika.

Bwana afya akafika, akatazama huku na huku.

"Mnanukia vizuri," akasema. "Taka zenyewe ziko wapi?"

"Tumekwisha kuziondoa, bwana," Mzee Mbaruku akajibu kwa fahari.

"Na lori?"

"Hilo huja Ijumaa."

Kijana akanywa chai, akala maandazi mawili, akaandika katika daftari lake. Ijumaa ya wiki ya pili kikaja cheti chenye nembo ya jiji: Mtaa Safi. Mzee Mbaruku akakitundika ukutani kwake, karibu na saa. Na Ijumaa hiyohiyo lori likaja.

Asumini akarudi ofisini. Karani akafunua jalada, akainua uso.

"Bondeni? Ninyi si mna cheti, mama? Mtaa wenye cheti unalalamikia nini?"

Alirudi kwa miguu, na njiani kitu kikamkaa moyoni. Uchafu uliletwa na lori. Lakini ushahidi ulifutwa na mkono wake mwenyewe, tena kwa bidii.

Ijumaa iliyofuata alikaa kwenye matuta yake, daftari la darasa la jioni mapajani, akaandika namba ya lori pole pole, tarakimu moja baada ya nyingine. Jumamosi asubuhi, kabla wanawake hawajaanza kufagia bonde, akapita kwao wote akiazima fagio. Kufika adhuhuri alikuwa nazo thelathini na moja, amezifunga kwa kamba mlangoni pake.

Mzee Mbaruku akaja, kitambaa puani, na Mama Tunu nyuma yake.

"Bi Asumini, nasikia umefungua duka la fagio."

"Shikamoo, Mwenyekiti. Haziuzwi."

"Marahaba. Na uvundo huu? Wapita njia watatuonaje?"

"Watatuona tulivyo."

"Lakini ni aibu, mwanangu!"

"Aibu ni ya aliyetupa, mzee wangu, si ya aliyetupiwa. Sisi tunamsitiri mtu ambaye hata hajatuomba."

Mama Tunu akakohoa.

"Mimi, Mwenyekiti, hata ubani umeniishia."

Asumini akatoa karatasi aliyomwandikia bwana afya. Mzee Mbaruku akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Siku uliyokuja ulikuta mtaa msafi. Tuliusafisha kwa ajili yako, na hilo ni kosa letu. Lori lenye namba hii humwaga taka Ijumaa saa saba mchana. Tafadhali njoo Ijumaa yoyote, ila usitupe taarifa. Tukijua unakuja, tutafagia."

"Inataka muhuri wako," Asumini akasema.

"Nikiugonga, nimekiri kwamba kile cheti hatukustahili."

"Ndiyo, mzee wangu."

Wakaongozana hadi kwake, kwa kuwa muhuri ulikaa kabatini. Mzee akaugonga mara moja, kwa nguvu. Kisha akauendea ukuta. Akakitungua cheti, akakifuta vumbi kwa ukingo wa kanzu, maana mazoea ni mazoea, akakikunja mara mbili.

"Nacho kiende," akasema. "Wakitaka kutuletea tena, watuletee baada ya kuona."

Asumini akavitia vyote viwili katika bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Walipofika kwenye sanduku la posta, Mama Tunu akauliza, "Haya, shoga, sasa turudishie fagio zetu?"

"Bado," Asumini akasema. "Amwitaye bwana afya asishike ufagio."

Akaitumbukiza barua, akasikia ikigonga chini.