Ndovu Waliolia kwa Nyayo

Paukwa!

Pakawa!

Niwape nini?

Tupe neno, tulishike!

Hapo zamani za kale, kabla njia za msituni hazijapata majina, wanyama wote walinunua chumvi mahali pamoja. Palikuwa na pango, na ndani ya pango palikuwa na jiwe la chumvi, jeupe, kubwa kuliko kiboko aliyelala.

Mwenye pango alikuwa Nyani. Desturi ya soko lake ilikuwa hii: lamba kwanza, ndipo ununue. Kila mnunuzi alilamba jiwe, akatikisa kichwa, akasema, "Naam, imekolea." Hapo akakatiwa kipande chake, naye akaacha matunda.

Kisha ugonjwa ukaja. Hakuna aliyeuona ukiingia. Aliyeugua alipata homa, akakohoa, na ulimi wake ukapoteza ladha. Asali ikawa kama maji. Maji yakawa kama udongo.

Kanga, mpeleka habari, akakimbia kwa Malkia Ndovu, mtawala wa msitu. "Malkia wangu, swala wanakohoa!"

"Ni vumbi la kiangazi," akasema Malkia.

Kanga akarudi mara ya pili, mbio. "Malkia wangu, swala wanakohoa, na nyati wanakohoa!"

"Vumbi, Kanga. Limezidi tu mwaka huu."

Kanga akarudi mara ya tatu. Safari hii hakukimbia. "Malkia wangu, swala wa bondeni hawakohoi tena. Wamekwisha."

Malkia Ndovu akasimama. Akatoa amri: soko lifungwe, kila mmoja akae kwake, mgonjwa asiguswe, na maiti asiguswe.

Nyani akaruka juu. "Soko likifungwa, Malkia, mimi nitakula nini?"

"Tutakulisha. Kila nyumba itakuachia tunda mlangoni."

"Nimesikia, Malkia," akasema Nyani, akainama.

Alisikia, lakini hakutii. Alitoboa mlango nyuma ya pango. Matunda ya msaada akayapokea mbele. Chumvi akaiuza nyuma, kwa bei ya mara tatu.

"Karibu, shemeji, karibu! Lamba uone. Ila usikohoe hapa, utanifukuzia wateja."

Wakaja, wakalamba. Wakarudi makwao, wakaugua.

Asubuhi moja Nyani akalamba jiwe lake mwenyewe. Akatema. Akalamba tena. Akapiga kelele, "Mwizi! Nani kachukua chumvi yangu, akaniachia jiwe tupu?"

Kanga akamjibu kutoka mbali, juu ya kichuguu. "Jiwe ni lilelile, bwana. Ulimi wako ndio umefunga soko."

Siku hiyohiyo mama yake Malkia akafa. Naye, maskini, alikuwa amenunua chumvi kwenye mlango wa nyuma.

Sasa sikilizeni vizuri. Ndovu wana desturi kubwa kuliko amri yoyote. Ndovu akifa, wenzake huja kumgusa kwa mikonga, mmoja baada ya mwingine, polepole, ili asiondoke peke yake. Wanyama wote wakachungulia kutoka milangoni mwao.

"Atamgusa," akasema Nyani huku akitetemeka kwa homa. "Nani asiyemgusa mama yake? Akimgusa tu, amri imekufa, na soko tutalifungua."

Mdogo wake Malkia akaja analia. "Dada, niache nimguse. Mara moja tu."

"Mdogo wangu," akasema Malkia, "ukimgusa mama leo, kesho nitakulilia wewe. Na nitamwambiaje swala asimguse mwanawe?"

Malkia mwenyewe akasogea. Akanyoosha mkonga. Mkonga ukaenda, ukaenda, ukafika karibu na uso wa mama yake. 

Mkonga ukasimama hewani. Ukarudi.

Malkia akarudi nyuma, akainua mguu, akapiga ardhi. Tu!

Mdogo wake, kutoka mbali, akapiga. Tu!

Ndovu wa ng'ambo ya vilima, ambao hakuna aliyewaita, walisikia kwa nyayo zao, nao wakapiga. Tu! Twiga akapiga. Nyati akapiga. Hata Kanga, kwa kile kiguu chake chembamba, akapiga. Maji ya madimbwi yakacheza. Majani yakadondoka bila upepo. Wote tuimbe:

*Tu, tu, mama, tu!*

*Mkonga umebaki, moyo umefika!*

*Tu, tu, mama, tu!*

Hakuna aliyemgusa mwenzake, na hakuna aliyelia peke yake. Tangu dunia iumbwe, msitu haukuwahi kusikia msiba kama ule.

Pangoni, Nyani aliusikia mdundo ukipanda miguuni mpaka kifuani. Akauendea mlango wa nyuma, akauziba kwa mawe. Kisha akaita, "Malkia, mimi nimeua."

"Najua."

"Nifanye nini?"

"Pona kwanza. Ukipona, livunje lile jiwe."

"Jiwe langu? Lote?"

"Lote."

Nyani alipona. Akalivunja jiwe huku akilia, akavianika vipande juani, akaacha kipande kwenye kila mlango. Ugonjwa ukazunguka ukitafuta ndimi mbili mahali pamoja. Haukuzipata. Ukafa njaa.

Ndiyo maana wahenga husema: amri isiyomuuma mkubwa haimponyi mdogo, na faida ya mlango wa nyuma humla mwenyewe.

Hadithi yangu imekwisha. Mkiipenda, gawaneni. Msipoipenda, nirudishieni niitafune mwenyewe.