Zulia la Mazishi la Bibi Dondu

Nitandike?

Tandika!

Mtakaa hadi mwisho?

Tutakaa!

Basi kaeni, na mwenye miguu mirefu aikunje. Leo nina hasira, na nikiwa na hasira narusha mikono.

Hapo kale, katika milima ya Waturuki wahamaji, watu wa mahema meusi ya singa za mbuzi, palikuwa na kikongwe aitwaye Bibi Dondu. Joto likija, walipanda mlimani na kondoo wao. Baridi ikija, walishuka bondeni. Panda, shuka. Panda, shuka. Na kila walipopiga kambi, Bibi Dondu alipigilia vigingi vinne chini, akawamba nyuzi, akaendelea kufuma zulia lake.

Sikilizeni vizuri hapa. Kwa watu wale, mwanamke alijifumia mwenyewe zulia la kuzikiwa. Akifa, alibebwa ndani yake hadi kaburini, kisha zulia likapelekwa msikitini, watu wasali juu yake wakimkumbuka. Bibi Dondu hakuwa na mume. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na zulia. Sufu aliisokota mwenyewe, rangi nyekundu aliichemsha kwa mizizi aliyoichimba mwenyewe, miaka mitatu. Likipotea hilo, nani atamkumbuka?

Agha Durmushi, mkubwa wao, akaliona. Bwana huyu alikuwa na mazulia kumi na saba. Kumi na saba, jamani, na makalio ni yale yale mawili.

Akatuma mtu kulisifu. Bibi akashukuru. Akatuma mtu kuliomba. Bibi akajibu kwamba lina mwenyewe, na mwenyewe bado anapumua. Mara ya tatu alikuja yeye na kisu, akalikata nyuzi, akalitia begani.

"Wewe utazikwa na blanketi," akamwambia. "Kaburini hakuna wageni wa kukutazama."

Hebu niambieni, huo ni wizi gani? Kumwibia maiti kabla hajafa!

Kambi nzima ilikasirika, ila kimyakimya, maana malisho yalikuwa ya Agha na fimbo ilikuwa ya Agha. Wanaume wakatazama viatu vyao. Mnacheka? Nyinyi mngetazama nini?

Bibi Dondu akapita hema hadi hema. "Tukimgombeza atatupiga," akasema. "Lakini alalaye juu ya zulia la mazishi ni maiti. Tukimlilia, atatupigia nini?"

Asubuhi Agha akalitandika zulia, akajilaza chali. Nje kikaanza kilio. Akatoka kuuliza nani amekufa. Wanawake wakamtazama kama hawamwoni, wakamlilia kwa jina lake, wakataja wema wake. Na kwa kuwa haukuwa mwingi, wakaurudiarudia.

Akawaendea wachungaji, akataka farasi. Wachungaji wakainua mikono kumwombea dua.

Akamwendea mkewe, Fadime, akataka chai. Fadime alikuwa amejifunika ushungi, akipokea pole.

"Fadime, mimi hapa."

Fadime akawageukia wageni. "Tuliishi vizuri," akasema. "Ila alikoroma."

Agha akarudi hemani kwa ghadhabu, akakaa katikati ya zulia, akaapa hatoki. Adhuhuri wale wanaume wa kutazama viatu wakaingia, wanne, kila mmoja akashika pembe yake. Wakamwinua. Wakapanda naye kilimani, imamu mbele, majembe nyuma. Agha aliamuru, akatukana, akabembeleza. Msafara haukusimama. Shimo lilikuwa tayari.

Walipoanza kumshusha, ndipo sauti ikamtoka.

"Si langu."

Wakasimama.

"Ni la nani?" imamu akauliza.

"La Bibi Dondu."

"Umelipataje?"

Agha akatazama shimo, akatazama watu. "Nimempora," akasema, na kila mtu akasikia.

Wakamweka chini. Bibi Dondu akalichukua zulia lake, akalikung'uta mara tatu, akachungulia shimoni.

"Msilifukie," akasema. "Mahali penyewe pazuri. Nitalihitaji."

Agha alirudi kwa miguu, peke yake. Na tangu siku hiyo, kila alipofungua kinywa kutoa amri, watu waliinamisha vichwa wakasema, "Mungu amrehemu," wakaendelea na kazi zao.

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Ikiwapendeza, nendeni nayo. Isipowapendeza, nirudishieni, nikawasimulie wenye akili.